Baiskeli ya mazoezi ya ndani kwa mfuko wa kawaida: maswali ninayoulizwa Mtwara na Lindi

Nina kibanda cha kutengeneza baiskeli Mtwara mjini. Zamani mashine ya mazoezi ilinifikia labda mara moja kwa mwaka. Siku hizi haipiti wiki bila bodaboda kushusha moja mlangoni, imefungwa kamba ya katani, pedali moja iko mfukoni mwa mwenyewe. Wenye nazo huuliza maswali yale yale, na wengi huuliza wakiwa wameshalipa. Nimeyaandika hapa ili uulize kabla. Neno moja nitalirudia mpaka unichoke: nunua mashine ambayo ikiharibika itatengenezeka hukuhuku Kusini.

Kwani baiskeli ya kweli ina ubaya gani?

Haina ubaya. Kama una Phoenix yako na unaweza kutoka Shangani alfajiri mpaka Mikindani na kurudi, pesa yako kaa nayo. Wateja wangu wa mashine za ndani ni watu wa aina nyingine: dada anayefunga duka saa mbili usiku, mama asiyetaka kutazamwa na kijiwe kizima akikanyaga pedali, mzee aliyeambiwa atembee lakini magoti yanamgomea, na mzazi mwenye mtoto mchanga asiyeweza kuachwa. Halafu kuna miezi ya mvua, Desemba mpaka Aprili, ambapo hata mwenye nia nzuri huangalia tope la nje akarudi kulala.

Ziko za aina ngapi?

Nne zinafika huku. Ya wima, unakaa kama kwenye baiskeli ya kawaida. Hii ndiyo watu wengi wanaihitaji. Ya kuegemea, ina kiti chenye mgongo na pedali ziko mbele yako. Nzuri kwa mgongo na kwa wazee, ila ni ndefu na hula nafasi. Ya spini, unainama mbele kama mshindani na gurudumu lake zito huwa mara nyingi liko wazi. Na ya kukunja, yenye umbo la herufi X, unaisimamisha nyuma ya mlango.

Kuna pia kile kipedali kidogo cha kuweka sakafuni na kukanyaga ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Kwa mgonjwa anayeanza kuamsha miguu kinafaa. Kwa mtu mzima mwenye afya kinateleza sakafuni hovyo, na baada ya wiki mbili kinakuwa cha watoto.

Fundi, ya kusugua na ya sumaku, tofauti yake nini?

Hili ndilo swali lenye pesa ndani yake, tulia kidogo.

Ugumu wa kukanyaga unapatikana kwa njia mbili. Mashine ya kusugua ina kipande cha ngozi au sufi iliyoshindiliwa kinachobanwa juu ya gurudumu. Ukikaza kitasa, kinabana zaidi, nawe unahisi umepanda mlima. Kipande hicho kinalika, kinamwaga vumbi jeusi, na ukikaza sana kinanuka kama breki za lori. Ya sumaku, sumaku zinasogezwa karibu na gurudumu bila kuligusa. Gurudumu likipita mbele ya sumaku, mkondo mdogo wa umeme unazaliwa ndani ya chuma chenyewe na kulivuta nyuma. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika, na kelele ni ndogo sana.

Muuzaji atakuambia sumaku, sumaku, sumaku. Mimi nakuambia utazame mfuko wako na nyumba unayoishi. Ya kusugua ni ya bei ya chini, na ngozi ikiisha fundi viatu anakukatia nyingine ukisubiri. Yangu ya nyumbani inatembea na kipande cha mkanda wangu wa suruali wa zamani, mwaka wa pili huu. Kosa moja tu usilifanye: usipake grisi pale ili kelele iishe. Kelele itaisha kweli, na ugumu utaisha nao.

Kwenye ya sumaku, kinachokatika ni waya unaotoka kwenye kitasa kwenda kusogeza sumaku. Huo ni waya wa ukoo mmoja na waya wa breki. Natoa wa zamani, natafuta wa breki ya baiskeli, nafaili kichwa chake kiingie kwenye tundu, na mtu anaondoka siku hiyo hiyo.

Ile ninayokushauri uikimbie ni ya tatu: ugumu unabadilishwa kwa vitufe vya skrini, ndani kuna mota na bodi, na inachomekwa ukutani. Dukani inang'aa sana. Bodi ikiungua, hata mimi nitakukaribisha chai tu.

Ukiwa nyumba ya kupanga, chagua ya sumaku. Ukiwa kwako na mfuko ni mdogo, ya kusugua haitakuangusha.

Inatumia umeme?

Za bei nafuu, hapana. Skrini inakula betri mbili ndogo kama za rimoti. Umeme ukikatika unaendelea kukanyaga gizani. Ukiiacha miezi kadhaa bila kuitumia, toa betri. Zikivuja zinaozesha vishikizo vyake na skrini haiwaki tena.

Gurudumu liwe na kilo ngapi?

Kadiri gurudumu lilivyo zito ndivyo mzunguko unavyokuwa laini. Jepesi sana linakufanya uhisi unasukuma, unaachia, unasukuma, unaachia. Kwa mtu wa dakika 30 jioni, mashine ya wima yenye gurudumu la kilo chache inatosha kabisa. Za spini huanzia kama kilo 6 au 8 na kupanda mpaka 20 na zaidi.

Hapa kuna ujanja wa stika. Stika inasema gurudumu kilo 20. Geuza boksi usome uzito wa mzigo mzima. Kama boksi zima lina kilo 25, hebu niambie, fremu, kiti, usukani na pedali vimetengenezwa kwa karatasi?

Nina kilo 105. Itanibeba?

Kila mashine ina kikomo cha uzito kilichoandikwa kwenye boksi au kwenye kibati cha fremu: 100, 110, 120, wakati mwingine 150. Usinunue inayolingana na uzito wako kamili. Wewe wa 105 tafuta ya 130 kwenda juu, kwa sababu ukisimama kwenye pedali uzito wote unashukia mkono mmoja wa pedali, kile chuma kinachoishikilia, na ekseli moja. Nguzo ya kiti ndiyo huanza kulegea, halafu beringi za katikati. Isiyoandikwa kikomo popote, iache dukani.

Mimi mfupi, mume wangu mrefu. Tutaitumia wote?

Mnaweza, kama nguzo ya kiti ina matundu mengi na kitasa cha kufungia kinachozungushwa kwa mkono. Ile ya kufungwa kwa spana mtagombana nayo.

Kiti kinapimwa hivi. Kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Goti linyooke bila kukulazimisha kuinamisha nyonga. Halafu sogeza mguu mpaka sehemu pana nyuma ya vidole ndiyo iwe juu ya pedali: sasa goti litakuwa limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Goti likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma nyuma, kiko juu mno. Watu wengi wanaokuja kwangu kulalamika kwamba mashine inaua magoti, dawa yao ilikuwa matundu mawili juu.

Ninunue hapa au niagize Dar?

Hapa utaishika kwa mikono kabla ya kulipa, na mwenye duka utamkuta kesho. Kariakoo utapata uchaguzi mpana na bei ya chini, lakini boksi lina safari ya kilomita zipatazo 560 mpaka Mtwara, au kama 450 kama uko Lindi mjini, na litalala kwenye buti la basi chini ya magunia ya watu. Kabla hujasema Kariakoo ni rahisi, jumlisha bei, mbeba mzigo wa kule, nauli ya mzigo, na bodaboda au bajaji ya kukufikishia mlangoni. Nimeshaona tofauti yote ikiishia njiani. Na barabara yetu mnaijua; mwaka 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata pale Somanga, mizigo ya watu ilikaa.

Ukiagiza, mwambie anayekununulia mambo matatu. Afungue boksi dukani ahesabu vipande kwa kufuata kikaratasi. Mfuko wa nati aufunge kwa gundi kwenye fremu, usiachwe ukielea, maana unatoboa boksi na nati zinamwagika. Na apige picha ya fremu ikiwa nzima. Mimi mwenyewe nilipokea moja ikiwa na mguu wa mbele umepinda kama upinde; kampuni ya basi ikasema ilitoka dukani hivyo, duka likasema ilitoka hapa nzima. Picha sikuwa nayo. Niliinyoosha kwa bomba na moto, na mpaka leo inayumba kidogo upande wa kulia.

Na mtumba je?

Mtumba mzuri ninaupenda kuliko mpya mbovu. Mashine nyingi zilizotumika nyumbani hazikutumika, zilitundikwa nguo. Yangu niliyoinunua kwa laki mbili na nusu ilikuwa na alama za hanga kwenye usukani, pedali zake bado zina vipele vya upya.

Ila uijaribu kama mtu anayenunua mbuzi mnadani. Usianze na skrini. Shika mikono ya pedali, mmoja kila upande, uisukume kulia na kushoto, si kuzungusha. Ikicheza na kugonga tok-tok, beringi za katikati zimekufa au ekseli imelika. Beringi siogopi: pembeni yake pamechapwa namba, kwa mfano 6004, na namba hiyo ina maana moja dunia nzima, tundu milimita 20, upana wa nje 42, unene 12. Muuza vipuri vya pikipiki anakutafutia kwa namba hiyo. Ekseli iliyolika ndiyo ya kuogopa, hiyo mara nyingi ni ya mashine hiyo tu.

Kisha zungusha kwa mkono ukiwa umeweka sikio karibu na kifuniko. Mvumo ni sawa. Kukwaruza ni sawa kama ni ngozi. Mlio wa kuruka, kirr-kirr, ni mkanda unaoteleza, ule unaounganisha pedali na gurudumu. Mikanda ya ndani ni ile yenye mistari ya urefu, jamaa ya mikanda ya mashine za kufulia, nayo ina namba mgongoni. Isome kabla haijafutika. Za mnyororo hazina siri yoyote kwangu.

Mwisho piga magoti uangalie viungo vya kuchomelea chini ya nguzo ya kiti. Rangi iliyopasuka kama unywele pale ni ufa. Ondoka, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Pedali ya kushoto inagoma kuingia. Nifanyeje?

Acha! Usiongeze nguvu. Pedali ya kushoto inafungwa kinyume na nati za kawaida: unaizungusha kuelekea kushoto ili kukaza. Ya kulia ni ya kawaida. Kwenye ncha za ekseli zake zimechapwa herufi, L ni ya kushoto ukiwa umekaa kwenye kiti, R ya kulia. Anza kwa vidole mpaka iingie mizunguko mitatu minne, ndipo ushike spana ya 15.

Kijana mmoja wa Ligula aliilazimisha kwa spana iliyochomekwa bomba. Aliponiletea, nyuzi za ndani ya mkono zilikuwa zimetoka kama vumbi la pambo, zinang'aa kwenye kiganja changu. Mkono mwingine ulikuja kutoka Dar baada ya wiki tatu, na wiki zote hizo mashine mpya ilikaa sebuleni ina mguu mmoja.

Baada ya wiki ya kwanza kaza tena pedali zote mbili. Zikianza kulegea na ukaendelea kukanyaga, nyuzi zinakwenda vilevile. Ukitaka kubadilisha pedali, angalia kwanza mikono. Kama imefungwa kila mmoja peke yake kwenye ekseli, kwa kawaida nyuzi ni inchi 9/16, na pedali za baiskeli ya kawaida zinaingia. Kama mikono yote miwili ni chuma kimoja kilichopindwa, ni nusu inchi, hizo utazitafuta.

Kutu je? Mimi nakaa karibu na bahari.

Basi tayari unajua adui yako. Upepo wa chumvi hauchagui kama baiskeli iko nje au ndani. Kusi ikivuma na dirisha liko wazi, nati zinaota rangi ya chai ndani ya miezi michache. Ongeza na jasho lako, ambalo nalo ni chumvi, linadondoka palepale kwenye kitasa cha ugumu na nguzo ya usukani.

Futa kwa kitambaa kikavu kila ukishuka. Mara moja kwa mwezi paka tone la mafuta ya cherehani kwenye nati na grisi nyembamba kwenye nguzo ya kiti, sehemu inayoingia ndani. Hiyo ikishika kutu haitashuka wala kupanda tena, nami nitaipiga nyundo huku nikikuonea huruma. Usilipake mafuta gurudumu la kusugua. Usiiweke chini ya dirisha la upande wa baharini. Watu wa Newala, Masasi na Nachingwea, hili mnaweza kulisoma kwa raha zenu.

Wapangaji wenzangu watalalamika kelele?

Ya sumaku yenye mkanda wataisikia kidogo sana. Kinachosumbua mara nyingi ni miguu ya mashine inayogonga sakafu ya saruji isiyo sawa. Weka kipande cha zulia nene au mpira wa gari uliokatwa, kisha zungusha vile vifuniko vya miguu mpaka isicheze. Nafasi yenyewe ni kama ya muswala mmoja na nusu.

Naweza kupanda nikiwa na dera?

Ndiyo, kwenye yenye kifuniko kizima cha plastiki, dera ukilikusanya na kulifunga juu ya magoti. Kanga usiiache ikining'inia. Kwenye ya spini yenye gurudumu wazi, vaa suruali, hakuna mjadala.

Na hiyo ya spini nikuongezee: nyingi hazina kuachia. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka utake usitake. Ukiondoa mguu ghafla, pedali inakufuata na kukupiga muundi. Kile kitasa kikubwa cha kukaza ugumu, ukikisukuma chini, ndiyo breki. Jifunze kuitumia kabla hujaongeza mwendo. Nyumba yenye watoto wadogo ikaze kabisa ukimaliza. Vidole vya mtoto na gurudumu la kilo 15 havijawahi kuelewana.

Dakika ngapi kwa siku?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Kwa hiyo nusu saa siku tano inakufikisha. Wastani maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba taarabu nzima, kaza kitasa.

Aliyeanza jana aanze na dakika 10. Na usisahau kwamba ndani hakuna upepo wa kukupoza kama barabarani; kwa joto letu washa feni, weka maji karibu, panda alfajiri au usiku. Mwezi wa Ramadhani wateja wangu wengi hupanda baada ya tarawehe, wengine dakika chache kabla ya kufuturu.

Itanitoa kitambi?

Miguu na moyo vitakushukuru kwanza. Kitambi ni mkaidi. Huwezi kuchagua mafuta yachomeke sehemu gani, na sahani ya ugali ina usemi mkubwa kuliko pedali. Usiamini sana ile namba ya kalori kwenye skrini. Mashine ya bei nafuu ina sumaku ndogo kwenye gurudumu na kiswichi kinachohesabu mizunguko, basi. Haijui kama wewe ni kilo 50 au 100, wala kama umekaza au umelegeza. Ichukulie kama saa ya kuhesabu dakika.

Nina presha, na mama ana kisukari. Tununue?

Mimi ni fundi wa vyuma. Nendeni kwanza hospitali, Ligula au Sokoine pale Lindi, au kituo kilicho karibu, mkaulize mwendo gani na dakika ngapi. Mama anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aulize pia kuhusu kula kabla ya mazoezi, awe na kitu cha sukari mkononi, na avae viatu vinavyofunika vidole, maana mguu usiohisi hauoni pedali inavyoukata. Kifua kikibana au kichwa kikizunguka, shuka. Kwao mimi ningechagua ya kuegemea, ya sumaku.

Fundi wa kuchomelea anaweza kunitengenezea stendi ya Phoenix yangu?

Anaweza, na nimemsaidia mmoja kuipima. Lakini gurudumu la nyuma likiwa hewani halina ugumu wowote, unakanyaga upepo. Lazima kuwe na kitu cha kuliburuza, rola au breki iliyobanwa kidogo, na ya breki inakula raba haraka. Kama ni kwa ajili ya kujaribu kama utadumu na mazoezi, fanya, ni bei ya vyuma tu.

Ninunue lini?

Pesa ya korosho ikianza kutoka, mwezi wa Oktoba kwenda Desemba, kila kitu dukani kinapanda kidevu, na mashine hizi pia. Nunua kabla ya hapo ukiweza. Au ngoja Machi: wale waliozinunua kwa furaha ya msimu wameanza kuzitundika nguo, na wengine wanataka pesa ya pembejeo.

Unatoza kuja kuikagua kabla sijalipa?

Ukiileta kibandani sitozi. Ukitaka nije Mikindani au Naliendele, unalipa bodaboda. Nakuja na spana ya 15, tochi na kitambaa cheupe. Kitambaa ni cha kufuta chini ya gurudumu. Kikitoka cheusi, ni vumbi la ngozi, tunashusha bei. Kikitoka chekundu, tunaaga.